Komedi ya askari wawili enzi za marufuku ya pombe Marekani: New York, Chicago au Detroit?

Kalamu_Kavu:
Wakuu, salama? Naandika mchezo wa kusikiliza, wa kuchekesha: askari wawili wasioivana wanapangwa pamoja kuwasaka wauza pombe ya magendo Marekani, enzi za marufuku (1920 hadi 1933). Mji ndio umenishinda. Chicago ina Al Capone, yule bosi wa majambazi wa pombe, New York ina vilabu vya siri kila kichochoro, na kuna jamaa kanitajia Detroit. Mnasemaje?

BintiMagomeni:
New York, hapo hata hakuna mjadala. Kulikuwa na Izzy Einstein na Moe Smith, mawakala wa kweli wa serikali. Izzy alitoka kwenye ukarani wa posta, Moe alikuwa na duka la sigara. Wanene wote wawili, huwezi kuwadhania askari hata kidogo. Walijigeuza wachimba makaburi, wavuvi, wanamuziki. Izzy alificha faneli mfukoni mwa kizibao, ina mpira unaoshusha pombe kwenye chupa, ili ushahidi usiishie tumboni. Inasimuliwa aliwahi kuingia baa akajitambulisha kabisa kuwa ni wakala. Muuzaji akacheka, akammiminia! Walikamata watu zaidi ya 4,900 kabla ya kuachishwa kazi mwaka 1925.

Kipanga_wa_Pwani:
Sawa dada, lakini adui hapo ni nani? Mwenye baa anayetetemeka? Kichekesho kisicho na hatari kinachuja mapema. Chicago, tarehe 14 Februari 1929, watu saba walipangwa ukutani ndani ya gereji wakamiminiwa risasi, na baadhi ya wauaji walivaa sare za polisi. Sasa chukua askari wako wawili, washukiwe wao kwa sababu ya sare hizo. Mmoja mpe uhasibu, maana Capone mwenyewe aliangushwa na kodi: 1931, kifungo cha miaka 11.

BintiMagomeni:
Maiti saba halafu tucheke?

Kipanga_wa_Pwani:
Tunawacheka askari, si marehemu.

Mama_Kumi:
Mwanangu Kalamu, nenda Detroit. Ng'ambo ya mto ni Windsor, Kanada, ambako kutengeneza pombe ya kuuza nje kuliruhusiwa. Hati inasema mzigo unakwenda Kuba. Kiboti kinaondoka asubuhi, na siku hiyohiyo kimerudi kupakia mzigo mwingine wa Kuba! Mto ukiganda, magari yanapita juu ya barafu, milango wazi ili watu waruke likianza kuzama. Wapande humo askari wako, mmoja hajui kuogelea. Na hatari anayoitaka Kipanga ipo: Purple Gang, genge la majambazi wa Detroit, hawakuwa watu wa masihara. Kubwa zaidi, wewe unaandika mchezo wa kusikiliza. Barafu ikipasuka inasikika. Mtu aliyevaa kama mvuvi anasikikaje?

Kalamu_Kavu:
Mama, hoja ya masikio imenimaliza. Detroit basi.

BintiMagomeni:
Shikamoo mama, lakini Izzy alisema Kijerumani, Kipolandi, Kihungaria na Kiyidi. Kila mlango anabisha na lafudhi yake. Hiyo si ya masikio?

Mama_Kumi:
Marahaba. Hiyo nakupa. Mhamishieni Detroit, na faneli yake aje nayo, ile nayo inagugumia.

Kipanga_wa_Pwani:
Na mhasibu wangu?

Kalamu_Kavu:
Ndiye asiyejua kuogelea, mkuu.