Naomba ushauri: kurejesha faili baada ya seva kuhamia kwenye mashine pepe

Habari za kazi, wakuu. Ninasimamia kompyuta za ofisi ya wapima ardhi hapa Upper Hill, Nairobi, ambako ramani na picha za angani, takriban terabaiti 6, zimo kwenye seva moja iliyochakaa, nasi tunataka kuzihamishia kwenye mashine pepe (kompyuta inayoendeshwa kwa programu ndani ya kompyuta nyingine) ya Hyper-V, mfumo wa Microsoft.

Kuhama kwenyewe hakunitishi. Wasiwasi wangu uko kwenye kurejesha. Kwa sasa mchoraji akifuta ramani kwa bahati mbaya, mimi huitoa kwenye diski ya nje kwa dakika chache, pamoja na ruhusa zake za nani asome na nani aandike. Nikianza kunakili mashine pepe nzima, je, nitaweza kuchomoa faili moja tu, au nitalazimika kurudisha terabaiti zote 6, kazi ambayo kwa mtandao wetu wa gigabiti 1 itachukua kama saa 15 mambo yakienda vizuri?

Tena, nikiunganisha diski halisi moja kwa moja na mashine pepe, nakala zinazochukuliwa upande wa mwenyeji (kompyuta halisi inayobeba mashine pepe) haziigusi, hivyo ninaegemea diski pepe ya VHDX, yaani diski iliyohifadhiwa kama faili kwenye mwenyeji. Mwenzangu anashikilia kuwa snapushoti (kumbukumbu za hali ya mashine pepe kwa wakati fulani) zinatosha, nami nimemkatalia, kwa sababu zinakaa kwenye diski zilezile. Stima ikipotea ghafla na diski zikaharibika, vyote vinakwenda pamoja.

Aliyepitia haya, je, unanakili kutoka ndani ya mashine pepe, kutoka nje, au kotekote?