Mafundi wa boila, acheni kutuambia rejeta kugonga ni kawaida!

Wakuu, nimeandika hii nikiwa sijalala. Huu ni msimu wa tatu wa baridi nyumba yangu inapigwa nyundo alfajiri. Boila ya mvuke, ile inayochemsha maji na kupeleka mvuke kwenye rejeta za kupasha vyumba joto, ikiwaka tu, baada ya dakika kama kumi mabomba yanaanza: ngo! ngo! ngo! Mtoto anashtuka analia, na mama mkwe anadhani mlango unavunjwa.

Nimeita mafundi watatu. Wote wamenijibu kitu kimoja: "Mfumo wa zamani huo, ndivyo ulivyo." Nani kawadanganya? Mvuke peke yake haugongi bomba hivyo. Kinachogonga ni maji. Mvuke ukipoa unageuka maji, na maji hayo yanatakiwa yateremke yenyewe mpaka kwenye boila. Yakikuta bomba limelegea katikati, yanatuama hapo. Boila ikiwaka tena, mvuke unakuja kwa kasi, unayazoa yale maji kama donge na kuyabamiza kwenye kona ya kwanza. Huo ndio mlio. Bomba linalopigwa hivyo kila siku mwisho wake ni kuvuja kwenye maungio, halafu mtu ananiambia nizoee?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hakuna hata mmoja aliyeuliza kelele inatokea wapi na saa ngapi. Hakuna! Nimeifanya kazi hiyo mwenyewe, wiki nzima na daftari mkononi.

Rejeta ya chumba cha watoto ilikuwa inagonga mwanzoni, mvuke unapoingia tu. Mfumo wetu ni wa bomba moja, yaani mvuke unaingia na maji yanatoka kwa njia ileile, kwa hiyo rejeta lazima iinamie upande wa valvu, pale bomba linapoingia. Nikaweka pimamaji juu yake: imeinamia upande wa pili! Sakafu imeshuka kwa miaka. Nikachomeka vipande viwili vya mbao chini ya miguu ya upande ule, na usiku uleule ikanyamaza. Vipande viwili vya mbao, wakuu, baada ya mafundi watatu! Tena fundi wa pili alikuwa ametushauri tufunge valvu nusu ili joto lipungue. Kwenye bomba moja hilo ni kosa kabisa. Valvu inafunguliwa yote au inafungwa yote. Ukiiacha nusu, mvuke unayazuia maji yasitoke.

Kule chini kwenye boila bado kunagonga, na huko inagonga katikati ya mzunguko, yaani boila ikiwa imeshawaka kwa muda. Nimevuta uzi kando ya bomba kuu, nikaona limebonyea pale kishikio kilipoachia. Pia maji kwenye kioo cha boila, kile cha kuonyesha kimo cha maji, yanaruka juu na chini, na yana utando wa mafuta. Fundi wa kwanza alibadilisha kipande cha bomba, akaacha mafuta ya kukatia nyuzi za bomba humo ndani. Maji yenye mafuta yanachemka kwa fujo na kurusha matone pamoja na mvuke, halafu matone hayo yanakwenda kuongeza maji mabombani. Alitakiwa ayaengue mafuta hayo juu ya maji kabla ya kuondoka.

Wa tatu ndiye kaharibu kabisa. Alipandisha presha mpaka psi 5 (psi ni kipimo cha presha, pauni kwa inchi ya mraba), eti mvuke ufike mbali. Mfumo wa nyumba kama huu unatosheka na chini ya psi 2! Sasa valvu za hewa, ambazo zinatakiwa kutoa hewa kidogo kisha zijifunge mvuke ukifika, zinafoka muda wote na kutema maji ukutani. Rangi imeanza kubanduka.

Mlio wa tik tik wa bomba kutanuka na kusugua mbao siulalamikii, huo hauna madhara.

Nimempigia huyo wa tatu mara sita aje ashushe alichopandisha. Hapokei. Mwenye boila ya aina hii aliyewahi kuenguliwa mafuta vizuri, naomba uniambie fundi wako aliyatolea tundu lipi la boila na alichukua saa ngapi, maana wa nne nitasimama naye mpaka amalize.