Mjadala: Bima ya afya ya mfungwa ianze kabla hajatoka?

Mleta mada

Ndugu wachangiaji, naleta mbele yenu suala ambalo huku Marekani linavutaniwa kwa miaka kadhaa sasa: mtu anayekaribia kumaliza kifungo aanze kutibiwa kwa fedha za Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, akiwa bado ndani, au asubiri mpaka avuke lango?

Sheria iliyoanzisha bima hiyo mwaka 1965 ilikataza fedha za serikali kuu kutumika kumtibu aliye kizuizini, isipokuwa akilazwa katika hospitali ya nje. Mzigo huo ukabaki kwa majimbo na kaunti, na tangu Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya Estelle dhidi ya Gamble mwaka 1976 haziwezi kuukwepa, kwa kuwa kupuuza kwa makusudi ugonjwa mkubwa wa mfungwa kulihesabiwa kuwa adhabu ya kikatili ambayo Katiba inaikataza. Ajabu ni kwamba wajibu huo unakoma langoni, mahali ambapo hatari ndiyo kwanza inaanza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007, uliofuatilia watu 30,237 waliotoka magereza ya jimbo la Washington, ulionyesha kuwa katika wiki mbili za kwanza uwezekano wao wa kufa ulikuwa mara 12.7 ya ule wa wakazi wengine, na kilichowaua zaidi ni kuzidisha dawa za kulevya. Mwili uliokaa miezi bila heroini hupoteza uwezo wa kuihimili, hivyo kiasi kile kile alichokizoea mtu kabla ya kufungwa ndicho kinachomuua.

Kuanzia Januari 2023, California ikiwa ya kwanza, serikali kuu imekuwa ikiyaruhusu majimbo kutumia fedha za bima hadi siku 90 kabla ya mtu kuachiwa: apewe mratibu wa matibabu yake, apate dawa za kutibu uraibu kama methadoni, na atoke na dawa za siku 30 mkononi. Naunga mkono. Hata hivyo, mpango huu umeshonwa kwa kipimo cha gereza, na wengi hupitia jela. Gereza la jimbo humshika aliyekwisha kuhukumiwa, na tarehe yake ya kutoka kwa kawaida inajulikana. Jela ya kaunti imejaa watu ambao kesi zao hazijaamuliwa, na mtu anaweza kutoka saa sita za usiku kwa sababu nduguze wamepata fedha za dhamana. Hizo siku 90 tutazihesabu kuanzia wapi?

Mchangiaji wa kwanza (mhasibu)

Ndugu mleta mada, umeeleza vizuri, lakini umeruka swali la nani analipa. Kama wajibu wa kumtibu mfungwa ni wa aliyemfunga, kumletea fedha za serikali kuu ni kumpunguzia gharama ya kufunga watu. Najua kuna sharti kwamba fedha ambazo jimbo litaokoa zirudishwe katika huduma za watu hao hao, ila sisi tunaoshika vitabu tunajua kwamba fedha zikishachanganywa hazina alama.

La pili ni zito zaidi. Majimbo kumi hayajapanua bima hiyo iwafikie karibu watu wazima wote wenye kipato kidogo, kama sheria ilivyoruhusu tangu 2014. Texas ni mojawapo, na huko mtu mzima ambaye si mzee, asiye na mtoto, mimba wala ulemavu kwa kawaida hastahili Medicaid hata awe fukara namna gani. Mnaratibu bima gani kwa mtu ambaye hatakuwa nayo akitoka? Na jirani yake ambaye hajawahi kukamatwa, naye hana.

Mchangiaji wa pili (mkalimani)

Kaka zangu, niongeze nililoliona kazini. Nilimkalimania baba mmoja kutoka Kongo, mgonjwa wa kisukari, aliyetoka jela ya kaunti bila insulini. Karatasi aliyopewa ilisema bima yake imerudishwa. Kompyuta ya duka la dawa ilisema bado yumo ndani. Jina lake la ukoo liliandikwa mwanzo kwenye mfumo mmoja na mwisho kwenye mwingine, na barua ya kurekebisha ilipelekwa nyumba aliyohama kabla hajakamatwa. Ilichukua siku nne, na kilichomaliza jambo ni mama mmoja wa ofisi ya bima aliyepiga simu dukani mwenyewe.

Kuanzia Januari 1, 2026 sheria inayataka majimbo yote kuisimamisha bima ya mfungwa badala ya kuifuta. Ni hatua nzuri, lakini iliyosimamishwa lazima pawe na mtu wa kuiwasha.

Mleta mada

Dada, kisa chako ndicho jibu la swali langu mwenyewe. Kwenye jela hesabu ianze siku mtu anapopokelewa, kana kwamba atatoka kesho: dawa zake ziendelee, bima ikaguliwe, jina lisahihishwe. Rhode Island, jimbo dogo lisilo na jela za kaunti, kwa kuwa wote wako chini ya idara moja, lilianza mwaka 2016 kutoa dawa za uraibu hata kwa wanaoingia. Kati ya waliokufa kwa kuzidisha dawa za kulevya, waliokuwa wametoka kizuizini karibuni walikuwa 26 katika miezi sita ya kwanza ya 2016, na 9 katika miezi kama hiyo ya 2017. Ni idadi ndogo, nakiri.

Ndugu mhasibu, kuhusu Texas sina la kukupinga. Ila nawe nijibu hili. Sheria ya Julai 2025 itawataka watu wazima wengi walioingia kwa upanuzi ule wa 2014 kuthibitisha saa 80 za kazi au shughuli kama hiyo kila mwezi, ifikapo Januari 1, 2027. Wenye uraibu na maradhi mazito wamesamehewa, na aliyetoka kizuizini amepewa miezi mitatu tu. Mwajiri gani unayemfahamu humwajiri mtu mwenye rekodi ya jinai ndani ya miezi mitatu?