Mjadala: Mwalimu aachishwe kazi kwa sababu ya kadi ya chama?

Wadau, nina kesi moja mezani. Dorothea Vogt alifundisha Kijerumani na Kifaransa katika sekondari moja ya Jever, jimbo la Niedersachsen, Ujerumani Magharibi. Mwaka 1979 alithibitishwa katika ajira ya kudumu. Alikuwa pia mwanachama wa DKP, chama cha Kikomunisti ambacho hakikuwa kimepigwa marufuku. Agosti 1986 akasimamishwa kazi, mshahara ukashushwa hadi asilimia 60, na mwaka uliofuata akaachishwa kabisa.

Kilichomponza ni agizo la 1972, enzi za Kansela Willy Brandt: mtumishi wa umma lazima awe mtiifu kwa katiba saa zote, hata akiwa nyumbani. Halikuwagusa walimu peke yao, maana hata madereva wa treni na watu wa posta walichunguzwa. (Dereva wa treni anapindua katiba akiwa kwenye reli gani, sijui.) Wakubwa wa Vogt wenyewe walikiri kwamba kazi yake iliridhisha, na kwamba wanafunzi, wazazi na walimu wenzake walimheshimu. Hakuna aliyemtuhumu kuingiza siasa darasani.

Msimamo wangu: mwalimu apimwe kwa anachofanya mbele ya wanafunzi. Karibuni.

Jibu: Mkuu, Wajerumani wana sababu. Jamhuri ya Weimar, yaani Ujerumani ya kidemokrasia kabla ya Hitler, ilikufa 1933 huku watumishi wengi wa serikali wakiwa hawaitaki tangu mwanzo. Kisha mwalimu si dereva. Mtoto humwamini hata asiposema neno. Na usituletee Mkomunisti mpole peke yake. Kosiek, mkufunzi wa fizikia, alikuwa wa NPD, chama cha mrengo mkali wa kulia. Naye ungempa darasa?

Mleta mada: Hapo umenibana, nakubali. Lakini kipimo ni kilekile: akimdhalilisha mwanafunzi au akihubiri chuki, afukuzwe kesho, tena kwa ushahidi. Kama hana doa, sina hoja ya kumtoa yeye na kumwacha Vogt.

Tazama Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilivyohangaika. Mwaka 1986 iliamua dhidi ya Kosiek na Glasenapp, mwalimu mwingine, kwa hoja kwamba wao walikuwa bado kwenye majaribio na suala lilikuwa kuingia kwenye utumishi. Mwaka 1995 ikampa Vogt ushindi, kwa kuwa yeye alikuwa tayari ndani. Yaani imani ileile inalindwa ukishathibitishwa, ila kabla ya hapo huna pa kushika. Kwangu hilo ni pengo kubwa. Na hata huo ushindi ulikuwa wa kura 10 kwa 9. Hakimu mmoja angegeuka, tungekuwa tunajadili kinyume chake.

Hoja ya Weimar naiheshimu, ila angalia adhabu. Daktari akifukuzwa na serikali hufungua kliniki yake. Mwalimu wa sekondari wa Ujerumani aende wapi, wakati shule karibu zote ni za serikali? Vogt aliishia kufundisha maigizo kwenye jumba la sanaa la Wilhelmshaven hadi 1991, aliporudishwa kazini baada ya jimbo lenyewe kulifuta agizo.

Kwa hiyo ndugu, unayetetea agizo lile, nitajie kosa moja alilolifanya darasani, tuendelee kutoka hapo.