Makuta ya garderi: likelemba, avansi ao deni, gani inasaidia kweli?

Mama Mapacha (Kampemba)
Jambo benyewe ba Lubumbashi. Niko na mapacha ya miaka mbili na nusu, mama yangu mwenye alikuwa anabalela amerudia Likasi, na miye kazi imeanza tena. Garderi ya hapa kwetu inaomba trimesta nzima mbele ya kuingiza batoto, na ni batoto babili mara moja!! Bwana anatumika kwa sutretansi ya mine. Naona likelemba ya ofisi (tunachanga makuta kila mwezi, moja anakamata yote kwa zamu), avansi kwa patron (mushahara ya mbele), ao banki lamberi (batu benye kukopesha makuta na faida kubwa). Mwenye amepitia humu aniambie.

Papa Katuba
Mama nakuomba, lamberi hapana. Nilikamata dola 100 nirudishe 150 mwisho wa mwezi, mushahara ikachelewa, ile 150 nayo ikazaa. Mutoto alitoka garderi, deni ikabakia. Avansi ni afazali ju haizae, lakini omba bakate mu miezi tatu, bakikata mara moja mutakula nini?

Kontable wa Ruashi
Mbele ya deni angalia makuta yenye tayari ni ya batoto. Kama bwana iko declare CNSS (kese ya serikali ya pansheni na musaada ya batumikaji), patron analipa 6,5% ya mushahara kwa tawi ya familia, ile haitoke mu mufuko ya mutumikaji, yeye anakatwa 5% ya mushahara kwa pansheni. Sheria ya 2016 inaweka alokasio familiali (makuta ya kusaidia batoto ba mutumikaji) kwa inchi nzima, zamani mu INSS (njo CNSS ya zamani) ilikuwa inatembea paka huku Katanga. Haitalipa garderi mbili, nakuambia wazi, lakini ni haki na batu bengi banaiacha ju mutoto hana akti ya nesansi (karatasi ya kuzaliwa). Kutangaza mutoto ni bure siku 90 za kwanza, ukipitisha ni mambo ya tribinali.

Mwalimu Kamalondo
Juu ya nini asingoje tu batoto bafikishe miaka tatu, abaingize materneli (masomo ya mbele ya primeri) ya serikali ya bure?

Kontable wa Ruashi
Gratiwite (masomo ya bure) ya tangu 2019 ni ya primeri ya serikali, materneli haimo.

Mama wa Soko Kenya (ya hapa Lubumbashi)
Siye ba soko hatuna patron wala CNSS. Likelemba yetu tuko kumi, miye nilomba zamu yangu ianguke mwezi wa tisa ju njo masomo inafungula, usiache bakupatie ya mwezi wa tano utaikula. Na garderi hatuende, tuko bamama bane tunalipa mama moja wa avenue, kila mutu analeta unga na makuta kidogo kila posho, batoto banashinda kwake. Ni mutu tunamujua tangu zamani, ile njo ya kwanza kuangalia, bei kisha.

Mama Mapacha (Kampemba)
Aksanti sana. Nimefungula fishi ya pei (karatasi ya mushahara) ya bwana, CNSS inakatwa tangu alianza na hatujaomba kitu!! Akti za mapacha ziko, kesho anaenda nazo. Lamberi nimeacha. Mama wa Soko, kwa ule mama wenu iko nafasi ya babili?