Mafundi wa intaneti ya antena, nani kawaambia mzime DFS?

Wakuu, heshima mbele. Leo nimekuja na hasira, mtanivumilia.

Mimi ni fundi, linki za 5 GHz ndio ugali wangu. Juzi mteja kaniita nimuunganishie tawi lake jipya. Linki ya zamani alifungiwa na kampuni nyingine (jina nalimeza). Nafungua menyu ya redio nakuta DFS (ile inayoifanya redio isikilize rada na kuipisha) imezimwa, nchi imechaguliwa ya mbali huko ili redio ikubali kuizima, nguvu imesukumwa mpaka mwisho, chaneli 124. Yaani 5620 MHz! Nampigia aliyeifunga, anacheka: "Kaka, ukiiwasha inakatakata, mteja anasumbua."

Sasa si ndiyo kazi yake? Inasikiliza sekunde 60 kabla ya kurusha. Ikisikia rada, inahama ndani ya sekunde 10 na hairudi chaneli ile mpaka dakika 30 zipite. Na 5600 mpaka 5650 ni eneo la rada za hali ya hewa. Ulaya hapo unasikiliza dakika 10 nzima!

Msije na ile ya "kiantena changu hata wati moja haifiki, kitaifanya nini rada ya kilowati 250". Rada inapiga kelele mara moja, halafu inanyamaza isikie mwangwi wa matone ya mvua kilomita kibao huko. Wewe unaropoka muda wote, itasikia nini? Kwenye skrini unatokea mstari kama mwanga wa tochi, na mvua iliyo upande huo haisomeki.

San Juan, Puerto Rico, yalishawakuta. Mwaka 2009 rada inayolinda uwanja wa ndege ilichafuliwa, kufuatilia wakakuta vifaa vya watoa intaneti. FCC, wasimamizi wa mawasiliano wa Marekani, wakatembeza faini. Na rada zile hazikuwekwa kwa urembo: Agosti 2, 1985, ndege ya Delta 191 ilipigwa chini na upepo wa dhoruba ikikaribia kutua uwanja wa Dallas/Fort Worth, Marekani, wakafa watu 137.

Chaneli za nje ya eneo hilo zipo. Zina msongamano, najua. Basi lipia masafa ya leseni, mbona mteja unamlipisha?

Nimeiwasha DFS, nikahamisha chaneli, nikashuka. Jioni bosi wa kampuni ile iliyofunga kanipigia kunitukana eti namharibia biashara. Nambieni, nimekosea wapi?