Ushauri: Nataka Boxer 150 ingurume kwa sauti nzito. Je, nikubali kukatiwa mafla?

Mwenye uzi, Morogoro

Habari za jioni, wakuu. Ninamiliki Bajaj Boxer BM 150 ninayoitumia kwenda kazini, kutoka Kihonda hadi mjini, na mwisho wa wiki huenda nayo Mvomero kwa wazazi. Si ya biashara, na nimeitunza vizuri: oili inabadilishwa kwa wakati na injini haijawahi kufunguliwa. Kinachonikosesha raha ni sauti yake. Kila ninaposikia pikipiki kubwa ikipita pale Msamvu kwa mngurumo ule unaotetemesha kifua, natamani yangu nayo isikike hivyo, au angalau ikaribie.

Fundi wangu anasema kazi hiyo ni ndogo. Atakata mafla (kile chombo cha kupunguza sauti mwishoni mwa bomba la moshi) kwa grainda upande wa nyuma, atatoa vyuma vyote vya ndani, kisha atachomelea kifuniko chenye tundu moja kubwa. Anadai kwamba pikipiki itaongeza na kasi pia, kwa sababu moshi utatoka bila kizuizi. Kabla sijamkabidhi chombo, naomba kujua kama sauti nzito itapatikana kweli kwa njia hiyo, kama injini itadhurika, na sheria zetu zinasemaje.

Fundi pikipiki, Mwanza

Mdogo wangu, umefanya vyema kuuliza kabla grainda haijawashwa, kwa kuwa mafla ikishakatwa hairudi kuwa ile iliyotoka kiwandani, hata ichomelewe vizuri namna gani.

Nianze na sauti. Injini yako ina silinda moja, ujazo wake ni sisi (cc) 144.8, na ni ya mipigo minne, maana yake mafuta huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Krenki ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, bomba hupokea milipuko 50 kwa sekunde. Injini ya silinda nne kwenye mzunguko huohuo hutoa milipuko 200 kwa sekunde, ndiyo maana sauti yake huungana, ilhali ya silinda moja husikika pigo kwa pigo. Bomba haliwezi kuongeza milipuko. Linachoweza ni kuamua sehemu gani ya sauti itoke na sehemu gani ifie ndani.

Vyuma ambavyo fundi wako anataka kuvitupa ndivyo vinavyofanya kazi hiyo. Ndani ya mafla mna vyumba vilivyotengwa kwa kuta na kuunganishwa kwa mirija. Wimbi la sauti likiingia hugonga ukuta, likarudi, likakutana na linalofuata, na yote mawili yakapungua nguvu. Ukiviondoa, kila kitu kinatoka kama kilivyo, na kinachotawala ni ile sauti kali ya juu, kama bati linalochanwa. Utapata kelele, lakini uzito unaoutafuta hutaupata.

Kuhusu kasi, kabureta yako, inayochanganya hewa na mafuta, imepangwa kulingana na bomba lililopo. Moshi ukitoka kwa wepesi kuliko kawaida, hewa inayopita inaweza kuongezeka huku jeti, yaani kitundu cha kupitishia mafuta, ikibaki ileile, na hapo mchanganyiko unapungukiwa mafuta. Utaijua hali hiyo unapoachia resi mtelemkoni, bomba likaanza kupiga risasi, yaani kutoa milio ya kupasuka. Na ukifungua plagi, ncha yake imekuwa nyeupe badala ya kahawia hafifu. Anayeendelea kuendesha hivyo huku amepakia na anapanda mlima huzidisha joto la injini, na vali ya kutolea moshi ndiyo huanza kuungua. Hali hiyo hurekebishwa kwa kuweka jeti kubwa zaidi, au kwa kushusha klipu ya sindano ya kabureta ngazi moja ili sindano inyanyuke. Muulize fundi wako kama atalifanya hilo. Kama jibu lake ni kwamba haihitajiki, chukua pikipiki yako uondoke.

Mjumbe, Arusha

Pamoja na kumheshimu fundi, naona suala la usalama limesahaulika. Madereva wa magari hawatuoni. Pikipiki yenye sauti kubwa husikika kabla haijafika, na mimi naamini hilo limenisaidia mara nyingi.

Mhudumu wa afya, Tanga

Kaka wa Arusha, hofu yako ni ya haki, kwani majeruhi wa pikipiki tunawapokea. Hata hivyo, tundu la ekzosi linatazama nyuma, kwa hiyo anayesikia zaidi ni yule uliyekwisha kumpita, wakati hatari kubwa iko mbele, kwa dereva anayekata kona bila kukuona. Taa iliyowashwa mchana, honi na kizibao cha kuakisi mwanga vitakufaa zaidi.

Kwa mwenye uzi, fikiria pia masikio yako. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, imeweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka desibeli 3, muda huo hupungua kwa nusu. Kwa hesabu hiyo, desibeli 100 zina dakika 15 tu. Usikivu unaopotea kwa kelele haurudi, tena hupotea pole pole bila maumivu, hata mtu asijue. Na ukirudi usiku, wapo watoto wachanga na wagonjwa nyuma ya kila dirisha unalopita. Nakuomba uwahesabu nao katika uamuzi wako.

Mjumbe, Dodoma

Upande wa sheria, ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na chini yake zipo kanuni za mwaka 2015 zinazoweka viwango vya kudhibiti kelele na mitetemo. Msimamizi wake ni NEMC, baraza la taifa la mazingira. Askari wa usalama barabarani naye anaweza kukusimamisha kwa chombo kilichobadilishwa. Soma pia mkataba wako wa bima, hususan kipengele cha marekebisho ya chombo, kabla hujagusa chochote.

Mwenye uzi, Morogoro

Nawashukuru sana, wakuu. Nimemwambia fundi wangu asubiri. Swali langu kwa fundi wa Mwanza: ipo njia yoyote ya kuifanya sauti iwe nzito kidogo bila kuongeza kelele? Nakumbuka pia kwamba yangu hupiga risasi hafifu nikiachia resi, ingawa haijaguswa.

Fundi pikipiki, Mwanza

Ipo, na haihitaji kukata kitu. Tafuta mafla kamili ya aina yenye mrija wa matundu uliozungushiwa pamba ya kuzuia sauti. Pamba hiyo hunyonya zaidi sauti za juu, hivyo za chini ndizo zinazobaki zikisikika. Hakikisha inakuja na kizuizi chake cha ndani na usikitoe. Pamba huungua taratibu na hubadilishwa, sauti ikianza kuwa kali ujue imekwisha. Mafla yako ya kiwandani ihifadhi mahali pakavu.

Lakini hizo risasi zishughulikie kwanza. Asubuhi injini ikiwa baridi, iwashe, kisha pitisha kiganja karibu na maungio ya bomba na kichwa cha silinda bila kugusa chuma. Ukihisi pumzi au ukiona masizi meusi pembeni ya nati, gasketi inavuja na hewa inaingia hapo. Ni kifaa cha bei ndogo. Ibadilishe, kaza nati zote mbili kwa kupokezana, endesha siku chache, kisha fungua plagi na utuwekee picha yake hapa.